TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: BEGI LIPEKULIWE KWA SHERIA, SIMU ISIFUNGULIWE KWA UBABE



Naomba dakika kumi zenu. Najua wengi mnapenda ujumbe wa sauti, lakini hili nimeamua kuliandika. Malalamiko yangu makubwa ni kwamba pale mpakani mambo yanafanyika bila kuandikwa, kwa hiyo sisi angalau tuandike.

*1. KILICHOTOKEA*

Alhamisi iliyopita mwenzetu mmoja alikuwa anarudi kutoka ng'ambo. Ni mama wa watoto watatu, anauza vitenge gulioni, na ada yake ya chama analipa bila kukumbushwa. Jina lake silitaji, ameniomba hivyo. Kituo sikitaji na ofisa simtaji, kwa sababu malalamiko rasmi yanaandaliwa na sitaki mtu ahukumiwe kwenye WhatsApp. Naeleza alichoniambia yeye, na walichoniambia watu wawili waliokuwa kwenye foleni ile, kila mmoja kwa wakati wake.

Alikuwa na kiroba cha vitenge kumi na viwili na begi la mgongoni. Vitenge vile vimetoka nje ya Jumuiya, vina ushuru, na yeye analijua hilo. Hela ya ushuru alikuwa nayo mkononi. Kiroba kikamwagwa mezani. Hapo hatuna ugomvi.

Kisha begi likamwagwa, pamoja na nguo za ndani, mbele ya foleni ya wanaume na vijana wa boda. Ofisa, mwanamume, akawa anainua kimoja kimoja na kuuliza "na hii?", watu wakicheka. Kisha akadai simu. Mama akadhani anataka kujua kama ni mpya. Akaambiwa aifungue. Akafungua. Ofisa akaingia kwenye meseji za pesa, akauliza huyu anayekutumia hela ni nani wako. Akaingia WhatsApp, akafungua kundi la tawi letu, akasoma kwa sauti tangazo la kikao cha Jumapili. Akamwambia: "Kumbe na wewe ni wa hawa."

Simu ikawekwa kwenye droo saa mbili na nusu. Iliporudi, vitenge sita havikurudi. Aliambiwa vimebaki "kwa uhakiki". Hakupewa karatasi yoyote. Ushuru aliokuwa tayari kuulipa hakuna aliyeukadiria.

Tangu Alhamisi hiyo hadi naandika, watu 31 wametoka kwenye kundi letu. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyebadili msimamo, maana nimeongea nao kumi na wawili. Mmoja wao kaniambia: "Katibu, mimi navuka kila Jumanne na Ijumaa. Nipo na nyie, ila kwenye simu yangu msiwepo." Ndugu zangu, ofisa mmoja kwa simu moja ametupunguzia watu 31. Hiyo ndiyo hasara ninayotaka tuijadili, kuliko hata vile vitenge.

*2. TUNACHOKUBALI*

Nianze na tunachokubali, ili mtu asije akasema chama kinatetea magendo.

Nchi ina mpaka, na mpaka una haki ya kukagua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha mamlaka ya kupekua mzigo na hata mwili wa msafiri. Silaha zinapita, dawa za kulevya zinapita, dawa bandia za mifugo zinapita na ng'ombe zetu zinakufa. Ushuru nao ndio unaolipa walimu na wauguzi. Mimi nimesomea uhasibu, sitawahi kusimama hapa kuwaambia watu wakwepe kodi.

Na tuseme ukweli wa nyumbani. Wapo miongoni mwetu wanaopita njia za panya usiku na madumu, halafu wakikamatwa wanakimbilia kwa Katibu eti "nimeonewa kisiasa". Hao tawi hili halitawasemea. Anayebeba magendo akabebe na kesi yake.

*3. TUNACHOKATAA*

Sheria hiyohiyo iliyompa ofisa mamlaka imemwekea na mipaka. Isomeni. Kumpekua mtu kunahitaji sababu za msingi za kuamini kwamba ana bidhaa zisizolipiwa ushuru. Kutopenda sura yake si sababu. Mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Na mtu anayetaka kupekuliwa mwilini ana haki ya kudai apelekwe kwanza mbele ya hakimu au ofisa wa ngazi ya juu, ambaye akiona hakuna sababu anaweza kumwachia. Haki hiyo wangapi mmewahi kuisikia? Mimi mwenyewe nimeishi kwenye kata hii ya mpakani miaka 20 na nimeijua baada ya kuisoma.

Sasa njoo kwenye simu. Upekuzi wa forodha unatafuta bidhaa: zinazotakiwa ushuru, zilizozuiliwa, zilizopigwa marufuku. Ujumbe wa WhatsApp hauna ushuru. Meseji ya mume kwa mkewe haipimwi kwenye mzani. Tangazo la kikao cha chama kilichosajiliwa kwa sheria ya nchi hii halimo kwenye orodha ya bidhaa zilizokatazwa. Ofisa anayefungua simu kusoma makundi hatafuti kodi tena. Anatafuta mtu.

Katiba yetu, ibara ya 16, inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ibara hiyohiyo inasema haki hiyo ikiingiliwa, iingiliwe kwa utaratibu wa sheria: katika hali gani, kwa namna gani na kwa kiasi gani. Ibara ya 18 inatupa haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Ibara ya 20 inatupa haki ya kukutana na kujiunga na vyama. Alhamisi ile ibara zote tatu zilimwagwa kwenye meza moja pamoja na nguo za yule mama.

Watasema ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ipo, na hatuipendi, kwa sababu inaruhusu mkuu wa kituo cha polisi kutoa amri ya kupekua na kukamata kifaa bila kwenda mahakamani. Tunataka kazi hiyo iwe ya hakimu. Lakini hata sheria hiyo, pamoja na ulegevu wake, inataka amri itolewe na mwenye cheo hicho. Yule mama alionyeshwa amri gani? Ya nani? Ya tarehe ngapi?

*4. HOJA YA MHASIBU*

Wenzangu mnanitania kwamba Katibu hata harusini anauliza risiti. Leo naomba mnisikilize hivyohivyo.

Kwenye uhasibu, mali ikihama mkono mmoja kwenda mwingine lazima pawepo karatasi: nani ametoa, nani amepokea, nini, kiasi gani, lini, kwa idhini ya nani. Karatasi ikikosekana, mkaguzi hasemi "pengine ni nia njema". Anaandika hoja.

Vitenge sita kwa bei ya kununulia ya 15,000 ni shilingi 90,000. Fedha hizo sasa ziko wapi kwenye hesabu za taifa? Kama ni mali iliyokamatwa, hati ya ukamataji iko wapi? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka anayekamata kitu kwenye upekuzi atoe stakabadhi, isainiwe, na mashahidi wawepo. Sheria ya forodha nayo inampa mwenye mali mwezi mmoja kudai mali iliyokamatwa. Utadai vipi kitu ambacho hakuna karatasi inayosema kilichukuliwa? Bila karatasi, haki ya kudai inakufa kabla ya mwezi kuisha, na serikali yenyewe inakosa ushuru wake. Aliyefaidika na upekuzi ule si serikali wala mwananchi. Jazeni wenyewe.

Ndiyo maana nasema hivi: upekuzi usioandikwa si kazi ya umma. Ni shughuli binafsi inayofanywa kwa sare ya umma.

*5. KWA WANAOSEMA "KAMA HUNA CHA KUFICHA..."*

Hoja hii nimeisikia gulioni, na nimeisikia kwa viongozi wetu wenyewe wa tawi. Najibu.

Kwenye simu ya mtu kuna majibu yake ya hospitali. Kuna deni lake la VICOBA. Kuna picha ya mtoto anaogeshwa. Kuna ugomvi na mawifi. Kuna namba ya wakili. Hakuna kosa hata moja hapo, na kila kimoja ni cha kufichwa. Choo chako kina mlango, na hakuna anayekuuliza unafanya uhalifu gani humo ndani. Aliyefungua simu yako ameingia chumbani, sebuleni, dukani na kwenye ofisi ya chama chako kwa mkupuo, wakati mwenye upekuzi wa nyumba halali angalau angebisha hodi na kuja na mjumbe.

Tena siri zilizomo humo si zako peke yako. Simu ya yule mama ilikuwa na majina na namba za kila mmoja wetu kundini. Amepekuliwa mtu mmoja, tumepekuliwa wote.

*6. KWA WANAOSEMA "HATA MAREKANI WANAFANYA"*

Ni kweli. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi wanahitaji hati ya mahakama kabla ya kupekua simu ya mtu waliyemkamata. Hata hivyo maofisa wao wa mipakani wanaendelea kufungua simu za wasafiri bila hati hiyo, na watetezi wa haki kule wanapambana nao mahakamani hadi leo. Kosa la mkubwa haligeuki kuwa leseni kwa mdogo.

Lakini tukiamua kuiga, tuige na hesabu zao. Idara yao ya forodha ina mwongozo ulioandikwa na kuwekwa hadharani kuhusu upekuzi wa vifaa, na kila mwaka inatangaza idadi. Kwa mwaka wao wa fedha 2024 walitangaza zaidi ya vifaa 47,000. Ni vingi mno, lakini wamevihesabu. Hapa kwetu nani ameihesabu simu ya Alhamisi?

Na kwa nini tuvuke bahari? Majirani zetu Kenya, katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 31, imetaja waziwazi: mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali yake, mali yake isikamatwe, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Mwishoni mwa 2024 mamlaka za kule zilitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2025 wasafiri wanaoingia watangaze namba za utambulisho za simu zao, zile za IMEI. Taasisi ya Katiba Institute ikaenda Mahakama Kuu. Mahakama ikausimamisha utaratibu huo, na mwaka 2025 ikaamua kuwa unakiuka katiba. Hiyo ilikuwa namba tu ya simu. Kwetu umesomwa moyo wa simu, na sisi tunatoka kwenye kundi kimyakimya.

*7. WAZEE WANAKUMBUKA*

Wazee wa kata hii wanakumbuka mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika. Ulikuja kufunguliwa mwaka 1983. Katikati hapo sabuni ilikuwa dhahabu. Na wanakumbuka mwaka huohuo wa 1983, msako wa wahujumu uchumi. Nia ya kupambana na walanguzi ilikuwa njema, na Sokoine tunamheshimu mpaka kesho. Lakini sheria ile iliunda mahakama maalumu ambako mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Watu walitupa mali porini na mitoni, wengine mali halali waliyoinunua kwa jasho, kwa sababu hawakuwa na namna ya kuthibitisha mbele ya mtu aliyekwisha kuamua.

Mwaka uliofuata, 1984, sheria ile ikabadilishwa. Na mwaka huohuo 1984 Haki za Binadamu zikaingizwa kwenye Katiba yetu, ingawa ilibidi tusubiri hadi 1988 ndipo mtu aweze kuzidai mahakamani. Kwa hiyo ibara ya 16 hatukuletewa na mzungu kwenye semina. Imekuja baada ya nchi hii kuonja yenyewe ladha ya upekuzi usio na breki.

*8. NA MIMI NINA DENI*

Siwezi kuwanyooshea wengine kidole nikiuficha wangu. Mwaka juzi nilikuwa narudi na binti yangu kutoka kumwona shangazi yake ng'ambo. Begi la binti lilipotaka kumwagwa mezani, nilitoa 10,000 kwa mtu aliyesimama pembeni, na begi halikuguswa. Niliita hela ya maji. Sikupata risiti, na hakuna leja duniani ningeweza kuiandika. Nilimnunulia mwanangu heshima ambayo Katiba ilikwisha kumpa bure, na kwa hela ileile nikamfundisha ofisa kwamba heshima inauzwa. Yule mama wa vitenge alikataa kutoa. Ndiyo maana alikaa saa mbili na nusu. Amenizidi ujasiri, na ninasema hivyo hadharani nikiwa Katibu wake.

*9. TUNACHODAI*

Mosi, vitenge sita virudishwe, au itolewe hati ya ukamataji yenye sababu, jina na sahihi, ili mwenye mali adai ndani ya muda wa sheria.

Pili, kituo kiwe na daftari la upekuzi. Kila mtu anayepekuliwa zaidi ya ukaguzi wa kawaida aandikwe: saa, sababu, kilichochukuliwa, jina la ofisa. Nakala moja apewe msafiri.

Tatu, awepo ofisa mwanamke kila zamu, na sehemu ya faragha ya kufungulia mabegi. Pazia na meza ya pili haviwezi kuifilisi serikali.

Nne, simu isifunguliwe bila amri iliyoandikwa, na msimamo wetu kama chama ni kwamba amri hiyo itoke kwa hakimu.

Tano, haki za msafiri na viwango vya ushuru vibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pale foleni inapoanzia. Mama lishe na muuza nyanya wajue kwamba bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu rahisi wa cheti cha uasili. Wengi wanapita porini kwa sababu hawajui kwamba mlango upo wazi.

*10. WEWE UFANYE NINI*

Ukipekuliwa, usitukane, usinyang'anyane, usikimbie. Toa mzigo ukaguliwe. Taja ulicho nacho kwa ukweli. Mama, dai ofisa mwanamke. Kitu kikichukuliwa, omba karatasi. Ukiambiwa ufungue simu, uliza kwa sauti ya kawaida: "Naomba kuona amri, afande." Akikulazimisha, usipigane naye. Kumbuka saa, kumbuka namba ya sare, kumbuka waliokuwa karibu, na ukifika nyumbani andika siku hiyohiyo kabla hujalala.

Kwa nini nasisitiza uandike wewe? Kwa sababu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yalimtaka anayekwenda Mahakama Kuu kudai haki zake za Katiba aape jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Chama kwenda kulia kwa niaba yako huku wewe umejifungia ndani hakutoshi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo inapokea malalamiko chini ya sheria ya mwaka 2022, lakini inapokea ya mtu aliyeandika. Tawi litakupa karatasi, kalamu, nauli na mtu wa kukusindikiza. Maelezo lazima yawe yako.

Hadi jana nimepokea maelezo manne yaliyosainiwa. Moja ni langu, lenye ile 10,000 ndani yake. Nikiulizwa kwa kutoa nitajibu.

Kwa wale 31: hatujawakasirikia. Namba zenu ninazo na mlango uko wazi. Lakini nawaomba mfikirie jambo moja. Kama kila simu ikifunguliwa sisi tunafuta, atakayefuata hatahitaji hata kuifungua. Atatutazama tu, na tutafuta wenyewe.

Kikao ni Jumapili saa 9 alasiri, palepale pa siku zote. Ndiyo, kikao kilekile kilichosomwa kwa sauti mpakani. Tangazo lilikwisha kutolewa, tunashukuru. Ofisa aliyelisoma naye anakaribishwa, kiti kipo, na hatutampekua mlangoni.

Sambaza kwa anayevuka mpaka, wa chama chochote.

Wenu katika ujenzi wa chama,
*Katibu wa Tawi*